Rimu za Aloi kwa Land Rover ya Zamani

Katika mashamba ya skimu wako wakulima wengi wenye Land Rover za miaka mingi, ambazo hubeba mbolea, viazi na mikebe ya maziwa, na siku ya soko hubeba jamaa nzima. Rimu za chuma zikiliwa na kutu, mwenye gari hutazama zile za aloi, ambazo watu huziita spoti rimu, akaona zinang'aa na bei imepungua kwa kuwa zimetumika. Si vibaya kuzitaka. Hazili kutu kama chuma, na mara nyingi ni nyepesi. Lakini yafaa ujue kwamba rimu kuingia kwenye habu ni jambo moja, na kubeba mzigo wako ni jambo lingine.

Kwanza pima matundu. Land Rover tangu zile za mwaka 1948 hadi Defender za mwisho za 2016 zina boliti 5, zilizopangwa katika duara lenye upana wa milimita 165.1. Range Rover za kwanza, zilizoanza mwaka 1970, na Discovery za kwanza, zilizotengenezwa 1989 hadi 1998, zina mpango huo huo, na rimu zake nyingi za aloi huuzwa kwa ajili hiyo. Discovery ya pili iliyofuata pia ina boliti 5, lakini duara lake ni milimita 120. Kwa macho huwezi kutofautisha upesi, na muuzaji akikuambia "hii ni ya Land Rover" hasemi uongo. Basi chukua rula. Kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani lazima upate milimita 97. Ukipata 70 na nusu hivi, rudisha. Usimruhusu fundi ayatanue matundu kwa tupa.

Pili, mzigo, na hapa ndipo penye hatari kubwa. Ekseli ya nyuma ya Land Rover 110 inaruhusiwa kubeba kilo 1,850, yaani kilo 925 kwa kila gurudumu. Geuza rimu utazame upande wa ndani, mahali palipochapwa maneno MAX LOAD. Namba iliyoandikwa hapo isiwe chini ya 925. Rimu zilizotengenezewa gari la kutembelea mjini huenda zikawa chini, hata kama zaonekana nene. Isiyo na namba yo yote tusingemshauri mkulima ainunue. Angalia tairi vile vile: namba 105 ubavuni maana yake ni kilo 925, hakuna akiba hata kidogo. Barabara zetu za mawe huongeza kishindo juu ya uzito wa viazi.

Rimu ya chuma ikigonga jiwe hupinda, na fundi huweza kuinyosha kwa nyundo. Ya aloi hupasuka. Kabla ya kununua iliyotumika, ioshe, ipake mafuta ya taa, ipanguse ikauke, kisha isugue kwa chaki nyeupe. Penye ufa mafuta yatatokeza mstari katika chaki. Rimu iliyochomelewa iache huko huko dukani.

Sasa nati. Nati ya rimu ya chuma ina ncha ya mviringo iliyochongoka, nayo hukaa katika tundu lililochongwa namna hiyo. Rimu nyingine za aloi hutaka nati yenye shingo na washa bapa. Ukichanganya, nati itagusa sehemu ndogo tu, italegea, na gurudumu laweza kutoka njiani. Tena aloi ni nene kuliko chuma, kwa hiyo boliti za zamani huenda zikawa fupi. Zungusha nati kwa mkono na kuhesabu: kwa boliti ya milimita 16 yenye uzi wa milimita 1.5, nati iingie mizunguko 11 au zaidi. Ikipungua, badilisha boliti. Angalia pia uzi wenyewe, kwa maana gari za zamani zaidi zilikuwa na uzi wa inchi, na nati ya milimita ikilazimishwa huko huharibu vyote viwili.

Rimu ikisimama nje kuliko ya kwanza, beringi huchoka mapema na usukani huwa mzito. Ikiingia ndani sana, tairi husugua springi. Pakia gari, zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili, uchungulie.

Unapofunga, safisha uso wa habu na upake grisi kidogo sana kuzunguka katikati, kwa sababu alumini na chuma vikikaa pamoja penye maji hushikana. Usipake grisi kwenye uzi wa boliti. Kaza nati kwa kuvuka, si kwa kufuatana, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari, wala usisimame juu ya bomba. Ukiisha kwenda kilomita 80 hadi 100, kaza tena.

Ukibaki na rimu ya chuma kama gurudumu la akiba, na ni vema ubaki nayo, weka nati zake 5 katika mfuko pamoja na jeki.