Gari la Pwani Likaguliwe Chini Kwanza

Mtu akienda kuangalia gari lililotumika, hapa Bagamoyo au kokote kuanzia Bunju, Mapinga hadi Zinga, jicho lake hukimbilia dashibodi. Akikuta kilomita 90,000 moyo unatulia. Akikuta 240,000 anatafuta namna ya kuaga. Sisi mafundi wa pwani tunamwomba aanzie kwingine. Kilomita huchezewa, na hata zikiwa za kweli hazisemi gari lilizitembea wapi wala lililala wapi usiku. Probox iliyozoea safari ndefu za lami na kubadilishwa oili kwa wakati inaweza kupita kilomita 250,000 injini ikiwa nzima. Gari la kilomita 80,000 lililolala nje miaka mingi karibu na ufukwe linaweza kuwa limeoza chini, huku rangi ya juu ikimeremeta.

Chumvi haisubiri gari liingie baharini. Upepo huibeba, nayo hushika unyevu wa hewa na kuufanya ung'ang'anie kwenye bati. Maji yenye chumvi hupitisha umeme kirahisi kuliko maji baridi, na kutu hujengwa na umeme huo mdogo unaopita juu ya chuma. Kwa hiyo gari la Dodoma na la Bagamoyo, hata yakiwa ya mwaka mmoja, hayazeeki sawa. Yaogope zaidi magari yaliyofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge, na pikapu zilizopeleka samaki Dar es Salaam: barafu huyeyuka, maji ya chumvi hutiririka hadi kwenye chesisi, siku baada ya siku. Hata gari lililoshuka bandarini juzi halina kinga, kwa sababu barabara za Hokkaido na mikoa mingine ya baridi Japani humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji. Kama muuzaji ana karatasi ya mnada ya Japani, itazame: herufi S ni kutu, na C ni bati lililoanza kulika. Namba E kwenye kibao nayo isikudanganye. Inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, haisemi lilitengenezwa lini.

Nenda na tochi, bisibisi na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Gari likishanyanyuliwa kwa jeki liwekwe stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Anza na boriti za pembeni, zile zilizo chini ya milango, pamoja na sehemu ya chini ya milango yenyewe. Maji ya mvua hupita kwenye vioo, hushuka ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vidogo. Vitundu vikizibwa na matope maji hubaki, na bati huoza kutoka ndani kuja nje. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia kwa sauti kavu, lililooza hutoa sauti nzito, na ukisukuma ncha inazama. Pitisha sumaku: pale isiposhika, kuna puti nene chini ya rangi. Kisha angalia vikalio vya springi, sehemu krosimemba inapofungwa kwenye bodi, na mabomba ya breki yanayopita juu ya ekseli ya nyuma. Bomba lililovimba kutu likipasuka, breki inazama hadi chini.

Gari kuukuu lililopakwa lami nyeusi mpya chini yote ulitilie shaka. Mara nyingi lami hiyo imefunika kutu mbichi na kuifungia unyevu ndani.

Injini ni rahisi zaidi. Fika asubuhi kabla haijawashwa, maana injini iliyopashwa moto huficha mengi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ute mweupe kama maziwa chini ya kifuniko cha oili unaweza kuwa maji yaliyoingia kwa gasketi ya silinda hedi. Pima kompresheni. Kwa injini ya 1NZ iliyomo kwenye IST na Probox nyingi, kila silinda isishuke chini ya bar 11 hivi, na tofauti kati yao isizidi bar 1. Fungua rejeta pia, ikiwa imepoa. Maji mekundu ya kutu ni dalili kwamba mwenyewe alijazia maji matupu, pengine ya kisima, na visima vingi vya kwetu vina chumvi. Uliza kama thamostati ipo, kwani mafundi wengi huitoa na injini ikabaki ikifanya kazi ya baridi na kula mafuta zaidi.

Ukishalinunua, kutu ya juujuu inatibika. Isugue kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, paka dawa ya kugeuza kutu pale ilipogoma kutoka, kisha praima ya zinki, kisha rangi; lami iwe ya mwisho. Penye tundu, bati likatwe hadi lilipo zima ndipo kipande kipya kichomelewe, betri ikiwa imefunguliwa. Kubandika bati juu ya kutu ni kupoteza fedha. Oili chafu inayopulizwa chini ya magari siipendekezi kabisa: inalainisha boshi za mpira na kudondokea udongo tunaolima. Badala yake, osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki, na zibua vile vitundu vya milango kwa waya.

Injini ikifa, nyingine utaipata Dar es Salaam, Ilala Shauri Moyo au Gerezani, na fundi ataifunga. Bodi iliyooza kwenye vikalio vya springi na krosimemba haina spea. Gari la namna hiyo liache, hata kama muuzaji amepunguza bei kwa nusu.