Ushuru wa Mwaka wa Korona: Kilichopunguzwa, na Kwa Nini Wengine Wanadaiwa

Kila tunapozuru vikundi kuna swali ambalo halikosi. Mwanakikundi anasimama, anauliza: "Wakati wa korona serikali ilisema imepunguza ushuru. Mimi duka langu lilifungwa kabisa. Mbona nikienda saiba kuangalia PIN yangu naambiwa nina deni?"

Ni swali la haki. Jibu ni kwamba kuna mambo mawili hapa ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kiasi cha ushuru unachotozwa. La pili ni wajibu wa kujaza ritani. Mwaka wa 2020 serikali ilipunguza lile la kwanza. Hili la pili lilibaki pale pale.

Waweka hazina na makatibu, pamoja na ninyi vijana mnaowajazia wazee fomu, tafadhali someni polepole, maana ninyi ndio mnaoulizwa mambo yakiharibika.

Yaliyotangazwa

Mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 25 ya mwezi huo huo Rais Uhuru Kenyatta akatangaza nafuu ya ushuru. VAT ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia 1 Aprili. Mengine yaliingia katika sheria iliyotiwa sahihi tarehe 25 Aprili 2020. Kampuni zilishushiwa ushuru wa faida kutoka asilimia 30 hadi 25, na wenye mishahara mikubwa vile vile. Hayo hayatuhusu sana huku kijijini, kwa hivyo tuyapite.

La mishahara midogo linatuhusu. Ilisemwa kwamba anayepata shilingi 24,000 kwa mwezi au chini yake hatalipa ushuru wa mshahara. Wengi waliuliza itawezekanaje. Hesabu yake ni rahisi. Zile 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, yaani shilingi 2,400. Halafu kila mlipa ushuru hupunguziwa kiasi fulani kila mwezi. Kiasi hicho kilikuwa 1,408, kikaongezwa kikawa 2,400. Ukitoa 2,400 kwa 2,400 kinabaki nini? Hakuna. Mlinzi wa usiku au mpishi wa shule aliyeendelea kukatwa PAYE kwa mshahara kama huo baada ya hapo alikuwa na haki ya kumwuliza mwajiri wake sababu.

Kuhusu VAT tuseme ukweli. Wenye biashara ndogo hawajaandikishwa kwa VAT, kwani sheria huwadai wale wanaouza milioni 5 na zaidi kwa mwaka. Wengine hulipa tu ndani ya bei. Bidhaa ya shilingi 1,000 kabla ya ushuru ilitoka 1,160 ikawa 1,140. Ni shilingi 20, tena kama mwenye jumla alikubali kuishusha. Mahindi na maharagwe ya shambani hayatozwi VAT, kwa hivyo hapo hapakuwa na tofauti.

Ushuru wa mauzo

Hapa ndipo penye uzito kwa vikundi vyetu. Ushuru wa mauzo, ule maofisa wa KRA huuita TOT, hautozwi juu ya faida. Hutozwa juu ya pesa zote ulizouza. Mwanzoni mwa 2020 ulikuwa asilimia 3. Sheria ya Aprili ikaushusha hadi asilimia 1, na ikasema unawahusu wanaouza zaidi ya milioni 1 lakini si zaidi ya milioni 50 kwa mwaka. Anayeuza chini ya milioni 1 akaachiliwa kwa upande huo.

Hebu tuchukue mama mwenye duka anayeuza bidhaa za shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,200,000, basi yumo. Bidhaa hizo alizinunua kwa 92,000. Amebaki na 8,000. Kwa asilimia 3 angetoa 3,000, abaki na 5,000 ya kulipia chumba, stima na karo. Kwa asilimia 1 alitoa 1,000 tu. Zile 2,000 zilizobaki mfukoni si kidogo kwa mwezi mmoja, hasa wakati kafyu ilikuwa inaanza saa moja jioni na wateja wamekwisha.

Lakini yule ambaye hakuuza kitu? Asilimia 1 ya sufuri ni sufuri, na asilimia 3 ya sufuri pia ni sufuri. Kwa maoni yangu hapa ndipo nafuu ile ilipokuwa na upungufu. Ilimsaidia aliyekuwa bado anauza. Mwenye hoteli aliyefunga mlango hakupata chochote humo.

Na ni mtu huyo huyo leo anayekuta deni. Aliyeandikishwa kwa TOT hujaza ritani kila mwezi, kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kama hakuuza, anajaza sufuri. Asipojaza anatozwa faini, na faini hizo hupandana mwezi juu ya mwezi. Mashine haijui kwamba soko lilifungwa.

PIN ya kikundi

Vikundi vingi vilichukua PIN ili kufungua akaunti ya benki au kuomba zabuni, kisha karatasi ikatiwa kabatini. Hiyo PIN inadai ritani ya mwaka hata kama kikundi hakikufanya biashara. Mwaka wenu wa hesabu ukiisha Desemba, siku ya mwisho ni 30 Juni. Kwa mtu binafsi faini ya kuchelewa ni 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, ile iliyo kubwa. Kwa kampuni au kikundi ni 20,000 au asilimia 5. Hiyo 20,000 ni michango ya wanachama 20 wakitoa elfu moja moja!

Nafuu iliisha lini?

Tarehe 1 Januari 2021 VAT ilirudi asilimia 16, na kampuni zikarudi asilimia 30. Ile nafuu ya wenye 24,000 haikuondolewa wakati huo. Asilimia 1 ya mauzo nayo iliendelea hadi 1 Julai 2023, iliporudishwa kuwa asilimia 3, na mpaka wa juu ukashushwa kutoka milioni 50 hadi milioni 25. Wako wanaoendelea kupiga hesabu ya asilimia 1 mpaka sasa. Waambieni.

Kuhusu faini za zamani, ulikuwepo msamaha mara mbili: kuanzia Septemba 2023 hadi 30 Juni 2024 kwa madeni ya hadi mwisho wa 2022, tena kuanzia 27 Desemba 2024 hadi 30 Juni 2025 kwa yale ya hadi mwisho wa 2023. Aliyekuwa amelipa ushuru wenyewe, akabaki na faini na riba tu, alisamehewa bila kuomba. Kwa hivyo kabla ya kulipa deni la 2020 mnaloonyeshwa, ulizeni kwanza kama msamaha uliingizwa katika PIN yenu, na kama ritani za miezi ile zilijazwa.

Mwende na nini? Namba ya PIN, cheti cha kikundi na daftari la mauzo ya miaka ile, hata likiwa la penseli. Aliyefunga biashara aombe wajibu wa TOT uondolewe kwenye PIN yake, la sivyo mwezi ujao inaongezeka nyingine. Na kama faida yako ni ndogo sana kama ya yule mama, unaruhusiwa kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba unataka kutozwa kwa faida badala ya mauzo. Hapo ni lazima uwe na risiti za manunuzi, kwa hivyo anza kuziweka kwenye kikopo kuanzia leo.