Mhina wa Uani

Mgeni akiingia uani kwetu Unguja jioni, huuliza asumini iko wapi. Namwonyesha mhina. Wengi wanaoijua hina ya unga hawajawahi kunusa maua yake: madogo, meupe yenye umanjano, yanayotoka kwa vichala na kujaza harufu ua mzima. Wahindi hutengeneza manukato kwa maua hayo.

Mimi nauenzi mhina kwa sababu kichaka kimoja kinampamba bibi harusi na kumtibu mzee mwenye magaga. Mama alikuwa akitwanga majani mabichi, akakamulia limau, akambandika bibi yangu nyayoni usiku na kumfunga kitambaa. Asubuhi nyayo zimekuwa za rangi ya chungwa, na bibi anasema moto umetoka miguuni. Fangasi za vidoleni na choa alizitibu vivyo hivyo.

Si imani tupu. Majani yana kemikali iitwayo losoni, ambayo hushikamana na protini ya ngozi, kucha na nywele, na katika maabara imeonekana kuzuia baadhi ya fangasi. Limau huisaidia kutoka kwenye jani bila kuharibika. Rangi huanza ya chungwa, ikakolea kwa siku mbili hivi. Ndiyo maana bibi harusi hapakwi asubuhi ya harusi.

Kuupanda ni rahisi: tawi lililokomaa, mvua za masika, jua la kutosha, pasipotuama maji.

Linaloniuma ni hiyo inayoitwa hina nyeusi. Hakuna jani la mhina linalotoa weusi tii kwa nusu saa. Weusi huo ni wa piko, rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, na nimeona mikono ya wasichana ikitoka malengelenge yanayofuata maua yale yale waliyochorwa. Aliyedhurika hivyo anaweza kudhurika tena kila apakapo rangi ya nywele, maisha yake yote.

Na hina halisi nayo ina mpaka. Mizizi na majani yake sichemshi nikanywa, wala simpi mjamzito. Mtoto mchanga asipakwe kabisa. Wapo wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, jambo la kawaida katika nchi za malaria kama zetu, na kwao losoni ikipenya ngozini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Mtoto aliyepakwa akiwa na umanjano machoni au mkojo uliokolea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe kuwa alipakwa hina.