Je, maziwa ya ng'ombe huimarisha mifupa?

Kwa miaka mingi watoto wamehimizwa kunywa maziwa ya ng'ombe ili wawe na mifupa imara, na wazee nao wameambiwa vivyo hivyo ili wasivunjike wanapoanguka. Hata hivyo, tafiti kubwa zilizofanywa katika karne hii zimetoa majibu yanayoonekana kupingana.

Suala hilo si dogo. Mzee anayevunjika mfupa wa nyonga mara nyingi hashindwi tu kutembea bila msaada, bali huweza hata kufariki dunia katika mwaka unaofuata.

Takriban asilimia 99 ya madini ya kalsiamu mwilini huhifadhiwa katika mifupa na meno. Kiasi kidogo kinachobaki huiwezesha misuli, ukiwemo moyo, kufanya kazi. Chakula kinapopungukiwa na madini hayo, mwili huyachota mifupani, mithili ya mtu anayetumia akiba yake bila kuweka nyingine.

Hapo ndipo yalipo manufaa ya maziwa. Kikombe cha mililita 250 kina takriban miligramu 300 za kalsiamu, pamoja na protini na fosforasi, ambazo pia hujenga mifupa. Nchini Marekani mtu mzima wa chini ya miaka 50 hushauriwa kupata miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, ilhali Uingereza huona 700 zinatosha.

Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walitoa matokeo ya uchunguzi uliohusu wanawake zaidi ya 61,000 na wanaume zaidi ya 45,000. Wanawake waliokunywa glasi tatu au zaidi kwa siku hawakuonekana kupata kinga. Kinyume chake, walivunjika nyonga zaidi kuliko waliokunywa chini ya glasi moja. Watafiti wenyewe walitahadharisha kuwa uchunguzi wa aina hiyo hauthibitishi kwamba maziwa ndiyo chanzo.

Mwaka 2021 yakaja matokeo mengine kutoka Australia. Katika makazi 60 ya kutunzia wazee, yenye wakazi zaidi ya 7,000 wenye wastani wa umri wa miaka 86, nusu ya makazi hayo yaliongezewa maziwa, mtindi na jibini katika milo. Nusu nyingine iliendelea na milo ya kawaida. Baada ya miaka miwili, waliovunjika mifupa katika kundi la kwanza walikuwa pungufu kwa asilimia 33, na waliovunjika nyonga kwa asilimia 46.

Tofauti hiyo ina maelezo. Wazee wa Australia walikuwa wakipata takriban miligramu 600 tu za kalsiamu kwa siku, na protini yao ilikuwa haba. Maziwa yaliziba pengo lililokuwapo. Kwa mtu ambaye chakula chake kinajitosheleza, hakuna uthibitisho kwamba kuzidisha glasi huzidisha uimara wa mifupa.

Aidha, maziwa si chanzo pekee. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao wana kalsiamu nyingi, na ile iliyomo katika sukuma wiki hufyonzwa vizuri mwilini. Mchicha nao una madini hayo, lakini una pia asidi inayozuia sehemu kubwa yake isifyonzwe. Wanaosumbuliwa na tumbo kwa sababu ya maziwa mara nyingi huvumilia mtindi.

Kalsiamu pekee haitoshi. Mwili huhitaji vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa mwanga wa jua, ili uweze kuifyonza. Mazoezi kama kutembea na kupanda ngazi huimarisha mifupa, wakati sigara na ulevi huidhoofisha.

Umri nao una nafasi yake. Akiba kubwa ya mifupa huwekwa utotoni na katika ujana, na wanawake huipoteza kwa kasi baada ya ukomo wa hedhi.

Kwa anayependa maziwa, kikombe kimoja au viwili kwa siku ni msaada mzuri, mradi yawe yamechemshwa, kwani maziwa mabichi huweza kuambukiza kifua kikuu na homa ya brusela. Kuchemsha hakuondoi kalsiamu. Asiyeyatumia hana sababu ya kuhofu, ilimradi sahani yake ina vyakula vingine vya kuziba nafasi hiyo.