Majibu ya Talasemia Yasomwe Pamoja na Historia ya Mgonjwa

Talasemia ni ugonjwa wa kurithi unaoufanya mwili ushindwe kutengeneza hemoglobini ya kutosha. Aliyerithi kasoro kutoka kwa mzazi mmoja ni mbebaji. Huishi kama wengine, na mara nyingi hana habari. Lakini wabebaji wawili wa talasemia ya beta wakioana, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kumpata mtoto mgonjwa, na wengi wa watoto hao huishi kwa kuongezewa damu. Ndiyo maana Saudi Arabia imefanya kipimo cha talasemia kuwa sharti la ndoa tangu 2004. Uamuzi mzito kama wa kuoana haufai kusimama juu ya majibu yasiyoaminika.

Uchunguzi huanza na picha kamili ya damu. Chembe nyekundu zenye ukubwa chini ya femtolita 80, au zenye hemoglobini chini ya pikogramu 27 kila moja, hutia shaka. Kisha mashine hutenganisha aina za hemoglobini. Ile iitwayo A2 ikizidi asilimia 3.5, kwa kawaida huyo ni mbebaji wa beta.

Kinachovuruga zaidi hesabu hii ni upungufu wa madini ya chuma. Nao hufanya chembe kuwa ndogo, hivyo asiye na talasemia anaweza kudhaniwa anayo. Vilevile hushusha A2, na mbebaji aliye karibu na mpaka huweza kuambiwa yuko salama. Kwa hiyo ni vyema kupima akiba ya chuma mwilini, kutibu upungufu, kisha kurudia kipimo. Mjamzito, hata hivyo, asisubiri: mwenzi wake apimwe mara moja, kwa sababu mimba haingoji dawa ifanye kazi.

Upungufu wa vitamini B12 au wa foleti hukuza chembe na kuficha udogo wake. Zidovudini, mojawapo ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, hufanya hivyo pia, na huweza kupandisha A2. Aliyeongezewa damu hubeba chembe za mchangiaji ambazo huweza kudumu hadi siku 120, kwa hiyo ni bora asubiri miezi mitatu au minne. Mtoto mchanga bado ana hemoglobini nyingi ya aina aliyokuwa nayo tumboni, na A2 yake haisemi kitu cha uhakika mpaka akaribie mwaka mmoja.

Sampuli yenyewe na mashine navyo vina mambo yake. Damu iliyokaa muda mrefu kwenye joto, ikisafirishwa kutoka zahanati ya mbali, chembe zake huvimba, na zilizo ndogo huonekana za kawaida. Kwa mbebaji wa selimundu, baadhi ya mashine husoma A2 kupita kiasi chake halisi.

Pwani yetu ina fumbo lake. Utafiti wa Kilifi, Kenya, umeonyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa huko wamerithi aina nyingine, talasemia ya alfa, ambayo huwakinga dhidi ya malaria kali. Aina hii haipandishi A2, na chembe huweza kuwa ndogo kidogo tu. Mwenye aina hii akipewa vidonge vya chuma mwaka baada ya mwaka bila akiba yake kupimwa, anatibiwa upungufu ambao pengine hana. Jibu la uhakika hutoka kwenye kipimo cha vinasaba.

Basi kabla ya kutolewa damu, mweleze mtaalamu wa maabara umri, ujauzito, dawa unazotumia, lini uliongezewa damu, na kama kuna selimundu au talasemia katika ukoo. Nasi wa upande wa hospitali tuna wajibu wa kuuliza hata usiposema. Majibu yakiwa karibu na mpaka, omba yarudiwe, na mwenzi wako apimwe pia. Hatari kwa mtoto haijulikani mpaka damu ya wazazi wote wawili isomwe kwa pamoja.