Acheni Paji, Tazameni Vidole vya Miguu

Kila Ramadhani inapokaribia, hurudi swali lilelile. "Ustadhi, mbona tunaswali miaka yote hii na sijida haitoki?" Muulizaji hasemi juu ya kusujudu. Anasema juu ya lile doa jeusi kwenye paji la uso. Safari hii kijana mmoja alinionyesha na dawa aliyotumiwa kwenye simu: asugue paji kwenye mkeka wa ukindu kila baada ya swala, na usiku apake kitunguu saumu kilichopondwa, mpaka pawe peusi.

Nimelijibu swali hili kwa mkato mara nyingi, barazani na darasani, na halikomi. Leo nilijibu lote.

Nianze na kitunguu. Kikipondwa na kuachwa juu ya ngozi, kinaiunguza. Hutoka malengelenge, kisha kidonda, kisha kovu. Anayejipaka hapati athari ya sujudi, anapata athari ya kuungua. Na kama anafanya hivyo ili watu wakimwona wamdhanie kuwa ni mtu wa kisimamo cha usiku, basi amekusanya mawili: ameudhuru mwili aliopewa kwa amana, na ameingia kwenye riya waziwazi. Sina neno laini la kumwambia. Aache, na atubie.

Lile doa lenyewe ni sugu. Ngozi inayokandamizwa na kusuguliwa pale pale kila siku hunenepa, hukauka, na rangi yake huzidi weusi. Anayeswali faradhi tano tu, bila sunna yoyote, huweka paji chini mara 34 kwa siku. Kama patatoka sugu au hapatatoka, hilo linategemea ngozi aliyozaliwa nayo, ugumu wa mahali anaposwalia, na namna anavyoliweka na kuliinua paji lake. Mtu anaweza kuswali miaka hamsini kwenye zulia laini na paji likabaki safi. Mwingine anaswali miaka miwili kwenye mkeka mkavu, anaburura paji badala ya kuliweka, na doa limeshatoka.

Tena sugu za swala hazitoki usoni tu. Zinatoka magotini, na zinatoka kwenye kifundo cha mguu, zaidi cha kushoto. Sababu ni kikao chetu: katika tahiyatu mguu wa kushoto ndio unaolazwa, na ubavu wake wa nje ndio unaosuguana na sakafu. Sugu ya kifundo imetokana na swala ileile, kwa miaka ileile, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza dawa ya kuipata. Kinachotafutwa, basi, si alama ya swala. Kinatafutwa kile ambacho watu watakiona.

Hapo huletewa Aya ya 29 ya Suratul Fat'hi, inayowasifu Masahaba kwa alama iliyo nyusoni mwao kutokana na athari ya kusujudu. Wanaoileta huwa hawajafungua tafsiri. Kauli mashuhuri iliyopokewa kwa Ibn Abbas ni kwamba alama hiyo ni mwenendo mzuri unaoonekana kwa mtu. Mujahid, mwanafunzi wake, alisema ni unyenyekevu. Na alipoulizwa kama ndilo lile doa la baina ya macho, alijibu kwa maana kwamba doa hilo huenda likawa kwa mtu ambaye moyo wake ni mgumu kuliko wa Firauni. Wako waliosema ni nuru itakayokuwa nyusoni Siku ya Kiyama. Wako pia waliosema ni udongo unaoshika paji wakati wa kusujudu, na udongo huo una ushahidi wake: Abu Said al-Khudri anasimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba mvua ilinyesha usiku, paa la makuti ya mtende la msikiti wa Madina likavuja, na asubuhi akaiona athari ya tope kwenye paji na pua ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Tope lile lilikuwa la kunawa likaondoka. Na kutoka kwa Ibn Umar imepokewa kwamba alimwona mtu mwenye alama baina ya macho akamkanya asiuharibu uso wake.

Hoja ya pili ni Hadithi ya kwamba Moto umeharamishiwa kula athari za sujudi. Hadithi ni sahihi, haina shaka. Lakini Imamu Nawawi anapoisherehesha anasema dhahiri yake ni viungo vyote saba vya sujudi. Kadhi Iyadh alihusisha paji peke yake, na hata yeye alikusudia mahali pa kusujudia, hakuweka sharti kwamba pawe pameota sugu. Mama aliyesujudu maisha yake yote na paji lake halina doa hajapungukiwa na kitu katika ahadi hiyo.

Kama bado mtu anaona doa ni cheti cha uchamungu, na asome habari za Makhawariji. Ibn Abbas alipokwenda kujadiliana nao aliwakuta watu ambao hajaona mfano wa juhudi yao katika ibada, mapaji yamechubuka kwa kusujudu na viganja vimeota sugu. Hao ndio waliohalalisha damu ya Waislamu wenzao, mpaka Sayyidna Ali akapigana nao Nahrawani mwaka 38 Hijria. Mwaka 40 akauawa katika mji wa Kufa na mmoja wao, Abdurrahman bin Muljam, na Ibn Saad anapomweleza muuaji huyo kwa sura hakuacha kutaja kwamba kwenye paji lake palikuwa na athari ya sujudi.

Wala sisemi kwamba kila mwenye sugu ni mwenye kujionyesha. Ali bin Husein, Zainul Abidin, mjukuu wa huyohuyo Sayyidna Ali, alijulikana kwa sugu alizoota kwa wingi wa kusujudu, na hakuna anayeutilia shaka uchamungu wake. Muuaji alikuwa nayo, na mjukuu wa aliyeuawa alikuwa nayo. Alama inayokaa kwa wote wawili haiwezi kutupambanulia mmoja na mwingine. Kwa hiyo mwenye nayo tumwache nayo, tusimdhanie baya. Asiye nayo asiitafute.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba wakati watu wanachunguzana mapaji, miguu inaelea. Simama nyuma ya safu msikiti wowote uangalie wakati wa sujudi: huyu ameinua miguu yote miwili hewani, huyu ameegemeza ncha za kucha tu, huyu amepandanisha mguu juu ya mwingine. Mtume ameamrishwa kusujudu kwa viungo saba, na Hadithi ya Ibn Abbas imevitaja: paji, na akaashiria pua, mikono miwili, magoti mawili, na ncha za miguu miwili. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafi, ni wajibu sehemu ya kila kimoja kati ya hivyo iguse chini, na kwa miguu kinachotakiwa ni matumbo ya vidole. Mwenye kuinua miguu yote miwili tangu mwanzo wa sujudi mpaka mwisho, kwa kauli hiyo hajasujudu.

Safina, kile kitabu kidogo cha Sheikh Salim bin Sumeir ambacho watoto wetu wanakihifadhi madrasani, kimetaja sharti saba za kusujudu. Viungo saba viguse chini. Paji liwe wazi. Kichwa kitiliwe uzito. Mtu asiwe ameporomoka kwa kusudio jingine. Asisujudu juu ya kitu alichokivaa kinachokwenda na harakati zake. Makalio yawe juu kuliko kichwa. Na atulie. Doa halimo. Uzito wenyewe wanazuoni wameupima: lau chini ya paji pangekuwa na pamba, ingebonyea. Ni uzito wa kichwa tu, mwili unabebwa na magoti na viganja. Anayejikandamiza mpaka sakafu imchubue amezidisha asichotakiwa.

Mengine nayataja haraka, maana kila moja lina waulizaji wake. Kushuka: sisi tunatanguliza magoti kisha mikono, Wamaliki wanatanguliza mikono, kila upande una Hadithi yake, na hakuna swala inayobatilika kwa hilo, basi msigombane. Viganja viwe mkabala wa mabega, vidole vimeshikana vikielekea kibla, viwiko vimeinuliwa, dhiraa zisilazwe chini. Mwanamume aachanishe mikono na mbavu, mwanamke ajikusanye. Vidole vya miguu vipinde vielekee kibla. Kofia, kilemba na ushungi visishuke kufunika paji lote. Ikibaki sehemu wazi inayogusa chini, inatosha. Kwa Mahanafi kusujudu juu ya mkunjo wa kilemba kunasihi ingawa ni karaha, kwa hiyo usimkaripie mgeni. Zulia nene au godoro: kandamiza mpaka kichwa kitulie ndipo usome. Tasbihi tatu ni sunna, lakini kutulia kwa kadiri ya tasbihi moja ni wajibu, na anayedonoa haraka aikumbuke Hadithi ya yule bwana aliyerudishwa mara kwa mara kuambiwa aswali tena kwani hajaswali.

Mgonjwa wa magoti au mgongo, na aliyefanyiwa upasuaji wa jicho akakatazwa kuinama, aashirie kwa kichwa, ishara ya sujudi iwe chini kuliko ya rukuu. Asiinuliwe mto wala meza mpaka kwenye paji: imepokewa kwa Jabir kwamba Mtume alimkuta mgonjwa akifanya hivyo akautupa mto ule, ingawa kuna waliosema ni kauli ya Jabir mwenyewe. Mto uliowekwa chini ni jambo jingine. Akiweza kuufikia kwa paji na makalio yakabaki juu ya kichwa, asujudu juu yake. Anayeweza kusimama lakini hawezi kusujudu asikae kwenye kiti tangu takbira; asimame mahali pa kusimama, akae akifika pa kukaa. Mwenye kidonda cha paji kilichofungwa, na kukifungua kuna taabu, asujudu juu ya bandeji.

Na wale wenye sugu wanaotaka iondoke kwa sababu inawasha au inapasuka: wabadilishe kitambaa cha kuswalia, waache kuburura paji, wapake mafuta ya kawaida ya ngozi. Mkorogo wasiuguse. Ikitoa maji au damu, waende kwa daktari wa ngozi.