Mti mmoja hauzuii kelele, panda mingi

Mavuno ya mpunga yakianza katika Bonde la Kilombero, mji wa Ifakara hubadilika. Mashine za kukoboa hunguruma, malori ya mchele hupita, na jioni muziki wa baa huongezeka. Mzazi anayeuguza mtoto hubaki akijiuliza: atalala saa ngapi?

Kelele si kero ya masikio tu. Hata usipoamka, mwili huisikia: mapigo ya moyo huongezeka na usingizi hukatika. Hali hiyo ikidumu kwa miaka, huongeza hatari ya shinikizo la damu. Mtoto naye husinzia darasani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kelele ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 30 usiku. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60.

Je, miti husaidia? Ndiyo, ila kwa kiasi. Majani na matawi hutawanya sauti, na udongo laini chini yake huinyonya. Mstari mmoja wa miti haufanyi kazi kubwa. Ukanda mnene wa upana wa mita 30 unaweza kupunguza desibeli 5 hadi 8. Hivyo shule, zahanati na wenye mashine ndio wanaopaswa kuanza, wakichanganya miti mirefu na vichaka vifupi.

Chagua mti kwa makini. Mtiki, unaolimwa sana bondeni, hupukutisha majani kiangazi, wakati ambao mashine zinakoboa. Mwembe na mzambarau hubaki na majani.

Wengine hufyeka wakihofia malaria. Mbu wa malaria hutaga mayai kwenye maji yaliyotuama, si juu ya mti. Fukia madimbwi, na chandarua chenye dawa kisikosekane kitandani.

Wakati miti inakua, hamishia kitanda cha mtoto upande usioelekea barabara. Kama kelele ni za usiku kucha, peleka malalamiko serikali ya mtaa.

Unayefanya kazi mashineni, ukilazimika kupaza sauti ili mwenzako aliye karibu akusikie, vaa vifaa vya kukinga masikio, na usimbebe mtoto mgongoni humo. Masikio yakivuma, au mtoto asipoitika akiitwa, nendeni hospitali mapema. Usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi.